Kabla ya Kubadili Injini, Weka Geji

Kila mwezi EWURA inapotangaza bei kikomo za mafuta, na hasa bei inapopanda, gumzo la vijiweni kutoka Masasi hadi Newala huangukia palepale: gari gani linakula mafuta, na injini gani iwekwe badala yake. Mwenye Noah ya D4 anaambiwa aitoe, aweke VVT-i. Mwenye Land Rover ya petroli aliyorithi anaambiwa apandishe dizeli ya Isuzu au ya Toyota. Mwaka 2022, lita moja ilipovuka shilingi 3,000 na serikali ikalazimika kuweka ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi wa Juni, mazungumzo hayo yalipamba moto, na hayajapoa tangu hapo. Nayaheshimu, maana wanaoyafanya wanaitafutia familia riziki kwa gari hilohilo. Lakini nina shaka na hatua wanayoanza nayo. Injini nyingi hutolewa na nyingine kupandishwa bila mtu yeyote, mwenye gari wala fundi, kujua kwa tarakimu gari lilikuwa linatumia lita ngapi kwa kilomita 100 kabla ya kazi, na linatumia ngapi baada yake. Hoja yangu ni kwamba kipimo kitangulie injini. Mwenye gari akipima kwanza, mara nyingi atagundua kuwa mafuta yanapotelea mahali ambapo injini mpya isingefika.

Mahali tunapoishi panaifanya hoja hii kuwa nzito zaidi huku kuliko Dar es Salaam. Uwanda wa Makonde huinuka polepole kutoka pwani ya Mtwara, kisha upande wa magharibi hukatika ghafla na kuporomoka kuelekea tambarare ya Masasi. Gari linalotoka upande wa Chiungutwa kwenda Newala lazima lipande. Tuchukue gari lenye uzito wa kilo 2,200 pamoja na abiria na mizigo yao, likipanda mita 300. Kwa hesabu ya kawaida ya fizikia, kuuinua tu uzito huo kunahitaji nishati ya takribani megajuli 6.5. Lita moja ya petroli ina takribani megajuli 32, na injini ya kawaida ya petroli huifikishia magurudumu kama robo yake tu. Iliyobaki inatoka kama joto kupitia rejeta na ekzosi. Maana yake ni kwamba mlima peke yake unadai takribani lita 0.8, achilia mbali mafuta ya kwenda mbele, ya mchanga na ya kusimama kila kituo. Hakuna injini ya mtumba inayoweza kuufuta mlima huo. Kinachoweza kupunguzwa ni uzito usio wa lazima na namna ya kupanda, na pia namna ya kushuka, jambo nitakalolirudia kwa sababu hapo watu wengi wanaamini kinyume cha ukweli.

Tukumbuke pia kwamba kila lita inayopotea hupotea pamoja na kodi yake. Bajeti ya mwaka 2017/18 ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya gari na badala yake ikaongeza ushuru wa shilingi 40 kwa kila lita ya mafuta. Bajeti ya 2023/24 ikaongeza tozo ya shilingi 100 kwa lita ya petroli na dizeli. Siku hizi mwenye gari hulipia barabara kwa lita anazochoma. Gari linalochoma lita tatu bila kazi yoyote linalipia barabara ambayo halikupita.

Nianze na haki ya wanaobadili injini, kwa sababu wapo waliofanya jambo la maana. Land Rover za zamani zilizobeba watu, chumvi na vitenge katika vijiji vyetu zilikuja, nyingi kati ya hizo, na injini ya petroli ya lita 2.25 inayokandamiza hewa mara saba au nane tu. Dizeli hukandamiza mara 18 na kuendelea, na kadiri mgandamizo unavyokuwa mkubwa ndivyo joto la mafuta linavyogeuka kuwa kazi badala ya kuwa moshi wa moto. Tena dizeli haina kizuizi kwenye mlango wa hewa. Injini ya petroli inapokwenda taratibu huvuta hewa kupitia mlango uliokaribia kufungwa, na kuvuta huko kunakula nguvu. Dizeli hupunguza mafuta tu na kuiacha hewa ipite. Kwa hiyo dizeli nzima, iliyofungwa na fundi anayejua, itashinda petroli ile ya zamani kwa tofauti inayoonekana mfukoni. Tusisahau tu kwamba sehemu ya tofauti hiyo inatokana na mafuta yenyewe: lita ya dizeli ina nishati zaidi ya lita ya petroli kwa takribani asilimia kumi, na bei zake si sawa. Anayelinganisha lita kwa lita bila kuangalia shilingi anajipunja.

Sasa tutazame D4, kwa sababu kisa chake kinafundisha. Toyota iliianza injini hiyo nchini Japani mwaka 1996 ndani ya Corona Premio kwa lengo moja kubwa: kuokoa mafuta. Petroli haichanganywi na hewa nje ya silinda. Inapulizwa moja kwa moja ndani, kwa presha kubwa, ili gari linapokwenda bila mzigo liweze kuchoma mchanganyiko mwembamba sana, mbali na uwiano wa kawaida wa gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya petroli. Baadaye teknolojia hiyo ikaingia kwenye Noah na RAV4 tunazoziona hapa. Injini iliyozaliwa kwa ajili ya kubana matumizi ndiyo inayotolewa leo kwa sababu inakula mafuta! Haikubadilika tabia yenyewe. Pampu yake ya presha na nozeli zake zinataka petroli safi, njia zake za hewa hujaa masizi, na ikishaanza kukosea hakuna kipimo kwenye dashibodi cha kumwambia dereva kwamba ule uchomaji mwembamba umekoma na gari sasa linachoma kama injini nyingine yoyote, au kwa ubaya zaidi. Mwenye gari huhisi tu kwamba sheli anafika mara nyingi zaidi. Ninakubali kwamba kwa fundi wa Masasi au Newala, ambaye nozeli hizo akiziagiza lazima zitoke Dar es Salaam, kuiondoa kunaweza kuwa uamuzi wa busara. Lakini huo ni uamuzi wa vipuri na matengenezo. Usiuzwe kwa jina la kuokoa mafuta kabla mtu hajapima.

Kuna pia imani kwamba injini ndogo lazima ile kidogo. Barabara ya lami tambarare huiunga mkono imani hiyo, mlima hauiungi. Injini ndogo iliyopewa mwili mkubwa na abiria wanane hupanda na gia ya pili huku dereva amekanyaga mafuta hadi mwisho, na pale mlango wa hewa unapofunguka wote, kompyuta ya gari huongeza petroli kupita kiasi cha kawaida ili kuilinda injini na joto. Kosa la pili ni difu. Dizeli nyingi za zamani hazitaki kuzunguka zaidi ya mara 4,000 kwa dakika; ukiifunga kwenye difu iliyokatwa kwa ajili ya petroli, gari likifika kilomita 80 kwa saa injini inalia na mafuta yanakwenda. Geji ya mizunguko ingeyasema haya ndani ya siku ya kwanza. Bila hiyo, mwenye gari hulaumu injini, akatafuta nyingine.

Tuipime gharama yenyewe kwa lita, kwa sababu shilingi hubadilika kila mwezi. Tuseme gari lilikuwa linatumia lita 14 kwa kilomita 100, na injini mpya imelishusha hadi 11. Hayo ni mafanikio makubwa. Kama injini ya mtumba kutoka Gerezani au Ilala, usafiri, ufundi, waya, mikono ya injini na rejeta vimegharimu sawa na bei ya lita 1,000, mwenye gari anahitaji kutembea zaidi ya kilomita 33,000 ndipo arudishe fedha yake. Ikishuka kwa lita moja tu badala ya tatu, inakuwa kilomita 100,000, na hakuna anayejua kama injini ya mtumba itafika huko. Halafu kuna kadi ya gari. Namba ya injini na ukubwa wake vimeandikwa humo, na mabadiliko hayo yanapaswa kufika TRA. Asiyefanya hivyo anaweka matatizo akiba hadi siku ya kuuza gari au siku ya ajali, bima inapokuja kukagua.

Geji inaonyesha nini, basi, ambacho kingeokoa lita hizo kwa gharama ndogo? Nichukue mfano mmoja nikae nao, kwa sababu umeenea katika gereji zetu: themostati. Gari likichemsha, fundi mara nyingi huitoa themostati na kuitupa, maji yazunguke muda wote. Gari halichemshi tena, mteja anashukuru, kazi imekwisha. Lakini kile kidude kidogo kiliwekwa ili injini ifike haraka kwenye joto lake, kati ya nyuzi 80 na 90 hivi, na ibaki hapo. Bila hicho, asubuhi ya baridi ya Juni kule Newala au kwenye mteremko mrefu, maji yanaweza kubaki nyuzi 60 au 65. Kompyuta ya gari ikiona maji ya baridi inaamini kwamba gari ndiyo kwanza limewashwa, hivyo huongeza petroli. Oili inabaki nzito. Giaboksi ya otomatiki inaweza hata kukataa kuingia gia yake ya mwisho hadi joto lipande. Na dereva haoni lolote, kwa kuwa Vitz, Passo na wenzao wengi wamekuja bila mshale wa joto. Wana taa ya bluu ya ubaridi na taa nyekundu ya hatari tu, na ile ya bluu huzimika kabla injini haijafika joto lake kamili. Mtu huyo anaweza kuendesha miaka miwili akichoma mafuta ya gari lisilopata joto, kisha akanunua injini nyingine, nayo ikafungwa bila themostati vilevile, na matumizi yakabaki yaleyale. Kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye soketi iliyo chini ya usukani, ile ambayo magari mengi ya miaka ya 2000 na kuendelea yanayo, kikizungumza na simu ya kawaida kitaonyesha joto la maji kwa tarakimu. Bei yake haifiki tanki moja la mafuta. Kifaa hichohicho huonyesha kama kompyuta inaongeza au kupunguza petroli kuliko ilivyopangiwa, na hapo ndipo sensa ya oksijeni iliyochoka au bomba la hewa linalovuja hujitokeza mapema, kabla moshi haujawa mweusi.

Kwa injini za petroli za zamani zisizo na soketi, ipo geji ya mvuto wa hewa, yenye mrija mmoja mwembamba unaoingia kwenye manifoldi. Injini nzima ikiunguruma bila kukanyagwa, usawa wa bahari, mshale husimama kati ya inchi 17 na 21 bila kutikisika. Mtwara mjini fundi atasoma hivyo. Newala, iliyo juu zaidi ya mita 600, mshale huohuo utashuka kwa inchi mbili hivi kwa sababu hewa ni nyepesi, na fundi asiyejua hilo anaweza kuihukumu injini nzima kuwa imekufa. Mshale ukitikisika kwa mpigo, vali ina tatizo. Ukishuka polepole injini inapoongezwa kasi, ekzosi imeziba. Barabarani, dereva anayetazama mshale huo anaona kila anapokanyaga kupita haja. Baada ya mafuta kupanda bei duniani mwaka 1973, watengenezaji kadhaa walianza kuweka geji za aina hii kwenye dashibodi, na BMW za miaka ya 1980 zilikuja na mshale wake wa matumizi ya mafuta.

Sasa ule mteremko. Madereva wengi wakianza kushuka kutoka uwandani huweka gia huru, wakiamini wanaokoa mafuta. Kwenye kabureta ya zamani kulikuwa na chembe ya ukweli. Kwenye injini ya nozeli zinazoongozwa na kompyuta ni kinyume kabisa: ukishuka ukiwa ndani ya gia na mguu umeutoa kwenye mafuta, kompyuta hufunga nozeli zote, gari linashuka bila kuchoma hata tone. Ukiweka gia huru, injini lazima ilishwe ili isizimike. Dereva anakuwa amenunua hatari ya breki kuchemka, na mafuta pia ameyalipia. Geji ya matumizi huonyesha sifuri ndani ya gia na huonyesha matumizi nje ya gia. Sijui somo la udereva linaloweza kushawishi haraka kuliko hilo.

Nitajibiwa kwamba geji haichomi wala haizimi mafuta, ni mshale tu. Ni kweli, na takwimu zinazotolewa na Wizara ya Nishati ya Marekani zinasema jambo la kiasi: vifaa vya kumwonyesha dereva matumizi yake humsaidia dereva wa kawaida kwa takribani asilimia 3, na anayevitumia kwa nia ya kuokoa kwa takribani asilimia 10. Hizo si namba za kushangilia. Lakini zinahusu magari yaliyo mazima, kwenye barabara nzuri, na zinahesabu mabadiliko ya mguu wa dereva tu. Huku kwetu geji hufanya kazi ya pili, ya kufichua ubovu, na ninaamini hiyo ndiyo kubwa. Chanzo hichohicho kinakadiria kwamba uendeshaji wa pupa, wa kukanyaga na kufunga breki ghafla, huweza kupunguza umbali kwa lita kwa asilimia 15 hadi 30 kwenye barabara kuu, na kwamba sanduku kubwa juu ya paa linapunguza asilimia 6 hadi 17 kwa mwendo huo. Fikiria keria zetu zilizobeba magunia na magodoro. Upepo pungufu wa matairi unaongeza hasara ndogo ndogo, na geji yake ndiyo rahisi kuliko zote.

Wengine watasema fundi mzuri ana sikio. Anayo, na sitaki kulidharau. Kuna mafundi wanaosikia silinda moja isiyochoma vizuri kabla mashine ya kupimia haijawashwa. Sikio husikia kugonga na kukosa moto. Halisikii asilimia nane ya petroli ya ziada, kwa sababu injini inayoongezewa petroli kidogo mara nyingi hulia laini na kuvuta vizuri.

Pingamizi zito zaidi ni la mwenye gari wa kijijini anayenunua petroli ya kidumu, kwa sababu sheli iko mbali. Huyo hana uhakika hata wa lita yenyewe, na mahesabu yake yanaanzia kwenye kosa. Kwake nasema apime pale anapoweza: akifika kituo chenye pampu iliyokaguliwa na Wakala wa Vipimo ajaze hadi juu, aandike namba ya kilomita, na atakaporudi kituo hichohicho ajaze tena hadi juu na kugawa. Aliyebadili ukubwa wa matairi alinganishe kwanza kilomita zake na umbali unaojulikana, maana tairi kubwa hufanya dashibodi ihesabu pungufu. Afanye hivyo mara kadhaa, msimu wa mvua na wa vumbi, na mzigo wa Oktoba wakati wa korosho autenge na mzigo wa Machi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mafuta ni mali inayopotea ikiwa moshi.

Wapo pia wanaosema tuachane na petroli, tuingie kwenye gesi. Wana sababu ya kusema hivyo kwa uchungu: gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mkoani kwetu mwaka 1982, bomba kubwa la kuipeleka Dar es Salaam likakamilika mwaka 2015, na leo magari yanayobadilishwa kwenda gesi, kazi ambayo Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam imeifanya kwa miaka, yapo zaidi huko bomba linakoishia. Natamani vituo vifike Masasi na Newala, na wabunge wetu wanapaswa kuvidai. Hata hivyo, injini ya petroli yenye sensa mbovu itakuwa na sensa mbovu ikila gesi pia, na mtungi wenyewe ni uzito wa kubebwa mlimani.

Barabara ya Mtwara hadi Masasi kupitia Tandahimba na Newala, kilomita 210, imekuwa ikijengwa kwa lami kwa vipande: kilomita 50 za Mtwara hadi Mnivata zilitangulia, na 160 zilizobaki zikapata fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika. Lami itapunguza matumizi ya kila gari bila mtu kugusa injini, na hapo udanganyifu utakuwa rahisi: fundi atasema ni injini yake, muuza dawa ya kumwaga kwenye tangi atasema ni dawa yake. Ndiyo maana vyuo vya VETA vinavyofundisha ufundi wa magari viwafundishe vijana kusoma tarakimu hizi kwa bidii ileile wanayofundishwa kufungua silinda. Na wenye magari waanze kudai jambo moja kabla ya kulipa: gereji iandike kwenye risiti lita kwa kilomita 100 kabla ya injini kutolewa, mteja abakize sehemu ya malipo, na baada ya kilomita 500 za njia ileile na mzigo uleule tangi lijazwe mbele ya fundi, namba ya pili iandikwe chini ya ile ya kwanza, ndipo hesabu ifungwe.